Kutoa pointi na kufunga moduli ya elektroniki kwenye Land Rover Series III: uzoefu wangu

Gari ni Land Rover 109, injini ya petroli ya cc 2,286. Ndani ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) nimetoa pointi, ile swichi ndogo inayokatiza umeme wa koili, na kondensa inayozilinda zisiungue, nikaweka moduli ndogo ya elektroniki yenye ringi ya sumaku ya kufanya kazi hiyo, ile inayokaa yote chini ya kifuniko. Nimeridhika nayo, ila haiponyi distributa iliyochoka, na hilo wauzaji hawalisemi.

Kabla ya kulipa, soma namba iliyogongwa ubavuni mwa distributa. Series III nyingi utakuta Lucas 45D4, lakini kwa umri wa magari haya nyingine zimeshabadilishwa, na moduli ya 25D4 haikai kwenye 45D4. Kisha toa kifuniko, shika shafti kwa vidole uitikise. Ikicheza waziwazi, bushi zinazoishika zimeliwa na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, itaendelea kuyumba. Moduli inapunguza tu makali. Pesa yako ianzie kwenye bushi.

Koili, ile inayopandisha volti za plagi, ndiyo inayoua moduli nyingi, halafu utasikia mtu analalamika kauziwa feki. Chomoa nyaya, weka mita kwenye ohm, gusa vichwa viwili vidogo vya koili. Unatafuta kama ohm 3. Koili ya ohm 1.5 imetengenezwa kufanya kazi na rezista, kipande kinachopunguza umeme unaoifikia. Ukiipa volti 14 moja kwa moja inavuta zaidi ya ampea 9, wakati ya ohm 3 haifiki 5. Moduli yenyewe inataka volti zote 12, kwa hiyo waya wake mwekundu usipite kwenye rezista.

Kufunga ni kazi nyepesi. Toa waya hasi wa betri, weka alama nyaya za plagi (mpangilio ni 1-3-4-2), fungua pointi na kondensa, safisha bamba zilipokaa pointi kwa petroli kidogo. Funga moduli, sukuma ringi ya sumaku mpaka ifike chini, rudisha rota, kile kipande kinachozunguka juu ya shafti. Rota ikibaki juu kidogo itakwaruza kifuniko, basi izungushe kwa mkono uangalie. Waya mwekundu unaenda chanya ya koili, mweusi hasi. Ukizigeuza, umenunua moduli nyingine. Series II na IIA za mwanzo zilitoka na chanya ya betri imefungwa kwenye bodi ya gari. Humo usiifunge kabisa bila kubadilisha mfumo kwanza.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo inalipita haraka: bamba la distributa huzunguka kidogo kila vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) inapolivuta. Nyaya za moduli zikikazwa mno hukatika ndani ya plastiki, na gari linamisi ukikanyaga mafuta tu, ukisimama linatulia. Ziachie ulegevu. Pia ule waya mwembamba wa ethi kati ya bamba na bodi ya distributa usiutupe.

Taimingi lazima ipigwe upya, kwa sababu sumaku haikatizi umeme pale pale pointi zilipokuwa zinafunguka. Chomoa bomba la vakyumu, lizibe, tumia taa ya taimingi, fuata digrii za kitabu cha injini yako. Plagi nimeziacha kwenye milimita 0.75 hadi 0.8, ushauri wa kuzipanua mpaka 1 kwa koili ya kawaida siuoni faida yake. Nyaya za plagi ziwe za kaboni, si za shaba tupu, maana kelele ya umeme huichanganya moduli.

Nilichopata: gari linawaka haraka asubuhi, na hakuna tena kurekebisha nafasi ya pointi ya milimita 0.35 hadi 0.40 kwa fila geji kila zinapolika. Mafuta sijaona tofauti ya kutangaza.

Kasoro kubwa ya moduli ni kwamba haiagi. Pointi huchoka polepole na fundi yeyote njiani anazipiga msasa mkaendelea. Moduli ikifa, gari linazima. Kwa safari ya porini beba pointi, kondensa na skrubu zake. Na usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima, wala usichomelee bodi kabla ya kutoa waya wa betri.