Pete za muhuri na kameo kwa sonara wa Ngamiani, Tanga

Mtindo ni wa Wagiriki na Warumi wa kale, na kazi ni za namna mbili: kameo, ambayo sura huinuka juu, na pete za muhuri, ambazo sura huchimbwa ndani ya jiwe. Nunua za muhuri. Akiki nyekundu yenye kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, ikikandamizwa kwenye lakiri, inatoa alama safi hadi nyoka wa kichwani. Kwa lenzi ya mara 10 mikwaruzo ya gurudumu la kuchongea inaonekana mle ndani. Bandia ya kioo cha kumiminwa kwenye kalibu huwa na kingo butu na viputo. Akiki ina ugumu wa 7 kwa kipimo cha Mohs, cha ugumu wa mawe toka 1 hadi 10, basi hata fundi wa mikono anaivaa.

Kameo zao ni za kombe la baharini, Cypraecassis rufa, lilelile la pwani yetu linalochongwa Torre del Greco, Italia: juu jeupe, chini rangi ya chungwa. Ugumu haufiki 4. Linafaa bruchi au kidani. Kwenye pete pua ya Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, italika mapema. Kasoro kubwa ni kwamba baadhi zimebandikwa gundi tu, na kwa jasho la Tanga gundi huachia. Dai zikazwe kwa ukingo wa fedha. Kabla ya kulipa, inua kameo kwenye mwanga, nyufa zitajionyesha. Nyumbani iepushe na ndimu, siki na manukato, maana kombe ni chokaa. Ikikauka, tone la mafuta ya watoto, kisha futa.

Ganeti, vito vya bonde la Umba, wanazo, ila hazijachongwa.