Riwaya za mapenzi kwenye meza za Kisumu: zipi zinafaa pesa yako

Meza za vitabu vya mitumba katikati ya Kisumu huchanganya kila kitu. Mills & Boon zilizopauka majalada zinalalia Danielle Steel nene, Colleen Hoover za rangi ya waridi zinawekwa mbele zionekane, na chini kabisa, zimebanwa na vitabu vya masomo, kuna riwaya za Kiafrika ambazo wengi wetu tulifundishwa kuziona kama karatasi ya mtihani tu. Bei hazipishani sana. Thamani ndiyo inayopishana, na mara nyingi kilicho bora kiko chini ya rundo.

Kwangu riwaya ya mapenzi husimama au huanguka kwa jambo moja: kinachowazuia wawili hao wasiwe pamoja. Kama ni jambo la kumalizwa na simu moja, mwandishi anakupotezea muda. Mwanamke anamwona mpenzi wake akimkumbatia mwanamke mwingine, anaondoka bila kuuliza neno, anahama mji, kisha kurasa mia moja baadaye tunaambiwa yule alikuwa dada yake. Ukikutana na hilo, rudisha kitabu mezani. Kizuizi cha kweli hubaki na uzito hata baada ya watu kuketi na kuzungumza: mtoto asiyepatikana, mama mkwe anayelipa kodi ya nyumba yenu, mke mwingine, kazi iliyo mbali. Fungua katikati ya kitabu, soma kurasa mbili, ujiulize ni nini hasa kinachowatenganisha. Kama huwezi kukitaja, hata mwandishi huenda hakijui.

Nianze na Mills & Boon kwa kuwa ndizo nyingi. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1908 na ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada mwaka 1971. Riwaya zake fupi huwa na maneno kama 50,000, kurasa zisizofika 200. Ukiianza basi likitoka Kisumu, utaimaliza karibu na Nakuru. Mpangilio wake haufichwi: wanakutana mapema, wanavutana, mambo yanavunjika katika robo ya mwisho, kisha wanapatana. Watu huudharau mpangilio huo bila haki. Mwisho mwema ni ahadi ya kampuni kwa mnunuzi, na anayetoka zamu ya usiku ana kila sababu ya kutaka ahadi inayotimizwa.

Ila kuna kuchagua. Tazama neno lililoandikwa juu ya jalada. Zile za Medical ndizo ninazozipendekeza kwanza, kwa sababu mwanamke na mwanamume wote wana kazi, wana uchovu, wana maamuzi ya kufanya mbele ya mgonjwa, na mapenzi yao hukua ndani ya kazi hiyo. Zile za Modern zina matajiri wengi wa Ugiriki na Italia, na tajiri huyo anaweza kununua kila kizuizi, kwa hiyo mwandishi hulazimika kubuni kutoelewana kusikokuwa na miguu. Halafu geuza ukurasa wa jina la kitabu uone mwaka wa kuchapishwa. Zilizotoka miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi zina mwanamume anayemshika mwanamke kwa nguvu, na kitabu kinaita hilo mapenzi. Hazinunuliki kwangu, hata kwa bei ya kutupa, na zaidi kama zitasomwa na binti wa kidato cha pili.

Sasa It Ends with Us ya Colleen Hoover, iliyotoka 2016 na kufanywa filamu 2024. Hapa mnunuzi anadanganywa na jalada lenye maua. Lily Bloom anafungua duka la maua Boston, anampenda Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo, na kitabu kinageuka kuwa habari ya mwanamke anayepigwa na mumewe na anayetafuta namna ya kutoka. Sehemu hiyo imeandikwa vizuri. Hoover anaonyesha jinsi msamaha wa kwanza unavyorahisisha wa pili, na jinsi Lily anavyojikuta akitoa udhuru uleule aliouchukia kwa mama yake. Udhaifu uko kwa Atlas, mpenzi wa zamani anayejitokeza kila anapohitajika, bila dosari yoyote ya kumfanya mtu. Kisome, lakini usimpe zawadi mtu aliyetoka juzi katika ndoa ya namna hiyo bila kumwambia kilichomo. Kitabu cha pili, It Starts with Us cha 2022, ni chepesi mno. Ukikikosa hujakosa kitu.

Me Before You ya Jojo Moyes (2012) pia huuzwa kama mapenzi. Haina mwisho mwema. Ni nzuri, Louisa Clark ni mhusika anayechekesha na kuumiza kwa wakati mmoja, lakini anayetaka faraja asiichukue. Anayetaka faraja pamoja na akili achukue Beach Read ya Emily Henry ya mwaka 2020: waandishi wawili majirani, mmoja wa mapenzi na mwingine wa riwaya nzito, wanabadilishana kazi kwa majira ya joto moja. Kizuizi chao ni huzuni na kutoaminiana, na hakiondoki kwa mazungumzo ya mara moja. Hiyo naipa alama za juu.

Lakini pesa ikiwa ya kitabu kimoja tu, iende kwa His Only Wife ya Peace Adzo Medie, iliyotoka 2020. Afi ni fundi wa nguo katika mji wa Ho, Ghana. Anaolewa na Eli, tajiri, katika sherehe ambayo bwana harusi hayupo. Ndugu yake ndiye anayekaa mahali pake. Mama yake Eli amepanga yote ili kumtoa mwanawe kwa mwanamke mwingine. Afi anapelekwa Accra, anapewa nyumba nzuri na dereva, kisha anakaa akisubiri mume aje. Kurasa hizo za kusubiri ndizo bora kuliko zote. Hakuna kinachotokea na huwezi kuziacha, kwa sababu kila simu kutoka nyumbani inamkumbusha kwamba mama yake anakula kwa ukarimu wa mama mkwe. Anayejua namna mahari, shukrani na madeni yanavyofungwa pamoja katika ukoo hahitaji kuelezwa. Kiingereza chake ni chepesi. Mahali kinapopwaya ni karibu na mwisho, ambapo mambo yaliyochemka kwa kurasa nyingi yanaamuliwa haraka kidogo.

Stay with Me ya Ayobami Adebayo (2017) ni nzito zaidi. Yejide na Akin, Nigeria ya miaka ya 1980, hawapati mtoto, na jamaa wanaingia sebuleni na mke wa pili, Funmi, wakiwa wameshaamua. Yejide anapanda mlima kwa nabii, na mbuzi anawekwa kifuani pake anyonye kana kwamba ni mtoto. Mwandishi haoni haja ya kucheka wala kuhubiri. Anatuacha tumtazame mama huyo akiamini. Mke na mume wanapokezana kusimulia, kwa hiyo angalia jina la msemaji unapobadilisha sura, la sivyo utapotea. Mtu anayepitia matibabu ya uzazi ajue kwamba kitabu hiki hakimwonei huruma.

Halafu kuna Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ya mwaka 1986, iliyopata tuzo ya riwaya ya Sinclair ya Uingereza. Imekuwa kitabu cha kutahiniwa, ndiyo maana nakala zake kuukuu zimejaa penseli pembeni: sifa za wahusika, maudhui, mishale. Usiache kununua kwa sababu hiyo. Paulina anafika Nairobi kwa treni mwaka 1956, ana miaka 16 na mimba, kumfuata mumewe Martin ambaye hajamjua vyema. Anapotea mjini, anapigwa, anarudi Kisumu kujifunza kazi, anajitegemea. Risasi za Kisumu za Oktoba 1969, siku Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tunayoiita Russia, zinaingia nyumbani kwake kwa njia ambayo sitaitaja. Mapenzi ya watu hawa wawili yanachukua zaidi ya miaka 20 kukomaa, na hakuna riwaya nyingine mezani inayoonyesha vizuri hivyo mwanamke akijifunza kusema anachotaka. Ugumu wake ni huu: Macgoye hataji tarehe mara kwa mara, anapitisha uchaguzi, mauaji ya wanasiasa na kupanda kwa bei kana kwamba msomaji alikuwapo. Soma sura moja kwa siku, polepole.

The Promised Land ya Grace Ogot, ya 1966, husahaulika. Nyapol hataki kuondoka Seme, Ochola anamvusha hadi Tanganyika kutafuta ardhi, na ndoa inabeba gharama ya uamuzi wa mmoja. Ni fupi. The River and the Source ya Margaret Ogola (1994) kila mtu anaijua. Sura za Akoko, bibi mkuu wa ukoo unaosimuliwa, zingali bora kuliko zinazofuata. Kwa Kiswahili, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), kutoka Ukerewe, ng'ambo ya ziwa hili hili, ingali inauma, ila ni msiba kutoka mwanzo. Hadithi ya mapenzi ya watu wazima kwa Kiswahili, yenye kazi, kodi na mwisho mwema, bado ni adimu mezani, na wachapishaji wanapoteza wasomaji waliopo tayari.

Kuhusu nakala yenyewe. Vitabu vya Hoover ndivyo vinavyochapishwa bandia zaidi. Nakala bandia ina karatasi nyembamba inayoonyesha herufi za upande wa pili, picha ya jalada imefifia, mistari imepanda upande mmoja, na gundi hupasuka ukifungua katikati. Fuata namba za kurasa kwa kuzipeperusha, kwa sababu fungu zima laweza kurukwa au kurudiwa. Kwenye mitumba, anza na ukurasa wa mwisho: hung'oka kwanza, na riwaya ya mapenzi isiyo na ukurasa huo haina faida. Nusa pia. Kitabu chenye harufu ya ukungu, katika unyevu wa kando ya ziwa, kitaambukiza vingine kwenye rafu. Kianike kivulini penye upepo siku kadhaa, kurasa zikiwa wazi, kabla ya kukipanga. Na kabla ya kununua Ogot au Macgoye, pita maktaba ya umma ya Kisumu, Kakamega au Nakuru uulize, maana huko huenda ukaipata bila kalamu ya mwanafunzi pembeni.