Rola za sponji za zamani: zinafaa nywele za mtoto? Shika uzi kwanza

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna vitu vitatu. Hizi ni rola za sponji, zile za pinki zenye kibanio cha plastiki. Hizi ngumu ni rola za plastiki zenye matundu, na pini zake hizi hapa. Na huu ni uzi mweusi wa kusukia, ambao wengi hawautarajii kwenye uchambuzi wa rola. Nimeuweka makusudi.

Rola zimerudi sana madukani, na wengi wanaozinunua wanazitaka zile nywele za sikukuu za utotoni. Mnazikumbuka. Usiku wa kuamkia Idi au Krismasi, mtoto amekaa mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msukaji, uzi unakatwa kwa meno. Asubuhi nywele zinafunguliwa: ndefu, laini, ncha zimejiviringa, zinanukia mafuta ya nazi. Sasa mtu anafunga rola kwenye nywele za kipilipili ambazo hazijanyooshwa, anafungua asubuhi, anakuta mizizi imejikunja vilevile na ncha zimepinda kama ndoana. Anasema rola ni mbovu. Rola inasingiziwa. Kunyoosha ilikuwa kazi ya uzi. Rola ilikuja baadaye, kuviringa tu.

Kwa hiyo tuanze na uzi. Osha nywele, weka kondishena, suuza, kisha kausha kwa taulo mpaka zibaki na unyevu bila kudondosha maji. Kichwa cha mtoto kigawe mafungu 12 hadi 16. Kila fungu lichane kuanzia nchani kuelekea kwenye shina, upake mafuta kidogo sana, kiasi cha punje ya harage kwa mafungu mawili. Halafu zungusha uzi mara tatu kwenye shina, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu: wanaukaza shinani. Mizunguko ya shina iwe imelala tu. Mkazo unaanza kama sentimita moja kutoka ngozini, unashuka nao hadi nchani, ukiacha nafasi ndogo kati ya mzunguko na mzunguko. Tumia uzi wa nailoni unaoteleza. Uzi wa pamba wa kushonea nguo unafyonza maji, unang'ang'ania nywele, na ukiufungua unaondoka nazo.

Lala nazo hivyo usiku mmoja. Nywele za kipilipili zinaweza kuficha zaidi ya nusu ya urefu wake zikiwa zimejikunja, na uzi unaurudisha urefu huo bila pasi wala dawa. Ndiyo maana nauheshimu.

Kesho yake jioni, ndipo rola. Fahamu kwanza inavyofanya kazi, maana ukijua hili hutaharibu tena. Maji yakiingia kwenye nywele yanalegeza vifungo vidogo vinavyoshikilia umbo lake. Nywele zikikauka, vifungo hivyo vinajishika upya, na vinashika umbo lolote zilizomo wakati huo. Zikikaukia kwenye rola, zinakuwa na umbo la rola. Ukizifungua zingali na unyevu, zinakwenda kukaukia hewani na kurudi umbo lake la asili. Sasa kama umeshazinyoosha kwa uzi, usizilowanishe tena! Ukifanya hivyo umefuta kazi ya jana. Puliza maji mara mbili tu kwa kila fungu, nusu ya chini, na shina ubaki mkavu.

Mkitaka kitu cha kushikilia mviringo, chemsheni robo kikombe cha mbegu za kitani kwenye vikombe viwili vya maji, mkikoroga, dakika saba hadi kumi, mpaka yawe mazito kama ute wa yai. Chujeni yakiwa moto, yakipoa hayachujiki. Weka kwenye friji, yanakaa kama wiki moja. Kwa rola moja, kiasi cha ncha ya kidole kinatosha. Ukizidisha, nywele zinakakamaa na kutoa vipande vyeupe kama mba. Zamani wengine walitumia maji ya sukari. Yanashika kweli, ila kwenye joto yananata na yanaita sisimizi, kwa hiyo kwa mtoto hapana.

Ukubwa wa rola. Nywele ziizunguke rola angalau mara moja na nusu, vinginevyo unapata kona badala ya mviringo. Rola nyembamba hii, milimita 13, inahitaji nywele za sentimita 6 kwenda juu. Ya milimita 25 inataka karibu sentimita 12. Ile kubwa ya milimita 40 inataka 19, na watoto wengi hawafiki huko, kwa hiyo mkiona pakiti ya mchanganyiko jueni kubwa zitakaa tu kabatini. Na fungu lisiwe pana kuliko urefu wa rola wala nene kuliko unene wake. Ukilijaza kupita hapo, nywele za ndani hazikauki.

Tazameni mkono wangu hapa. Ncha nazikunjia ndani ya karatasi nyembamba ya saluni kabla hazijagusa rola. Karatasi ikizidi ncha kwa sentimita moja, ncha zinaingia zimelala na haziwezi kupinda. Ile ndoana mnayoilalamikia inatokana na kuruka hatua hii. Kisha naviringa bila kuvuta, nafunga kibanio. Kibanio kikae upande wa juu wa rola, mbali na shina, maana kikibana shina kinaacha mkunjo unaoonekana siku nzima.

Sasa aina zenyewe. Sponji ina sifa moja kubwa: mtoto anaweza kulalia. Plastiki ngumu hailaliki, na hakuna mtoto wa miaka sita atakayevumilia. Lakini sponji ina aibu yake: inakunywa maji na mafuta kutoka kwenye nywele, hasa ncha. Dawa ni kuifunika na kipande cha satini, au ununue zile zilizofunikwa tayari. Hilo peke yake linabadilisha matokeo kuliko losheni yoyote ya bei.

Rola ngumu ni kwa mtu mzima anayekaa chini ya draya. Nywele zilizolowa zinalala vizuri juu yake, zinatoa nywele laini zaidi kuliko sponji, na kwa nywele zilizowekwa dawa ndizo ningechagua. Nywele zinazofika mabegani zikae dakika 45 hadi 60, kisha zipoe dakika 10 kabla ya kufungua, maana nywele za moto hazijashika bado. Rola za umeme, zile zilizovuma miaka ya 1960 kwa jina la Carmen kutoka Denmark, zina nta ndani inayotunza joto. Nzuri kwa haraka, ila kichwani mwa mtoto sishauri kabisa. Na rola hizi zote si kalikiti. Kalikiti ni dawa inayovunja vifungo vigumu zaidi ndani ya unywele; mviringo wa rola unaondoka ukiosha.

Kujua kama zimekauka, fungua moja ya kisogoni. Kisogo kinakauka mwisho. Ukihisi ubaridi kwenye nywele, hapo bado kuna maji. Irudishe na usubiri.

Kwa mlio Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar: unyevu wa hewa ya pwani unakula mviringo. Viringeni kwa rola ndogo saizi moja kuliko mnavyotaka, maana utalegea. Na msichane kwa kitana. Tenganisheni kwa vidole vyenye tone la mafuta, kila mviringo mara mbili, basi.

Jambo ninaloomba mlishike kuliko yote ni nywele za mbele, ukingoni mwa uso. Pale pembeni mwa paji pana nywele changa, na kuvutwa mara kwa mara, iwe kwa uzi, rola, mabutu au twende kilioni, kunazing'oa taratibu, na zikishang'oka miaka mingi huenda zisirudi. Mtoto akisema inauma, fungua hapohapo. Akishindwa kunyanyua nyusi, au ukiona vipele vidogo kwenye mashina, umebana. Zile za mbele kabisa ziacheni nje ya rola.

Baada ya kutumia, sponji zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, zikamuliwe, zikauke kivulini, kwa sababu jua na mafuta vinazila. Kabla ya kila matumizi ifinye moja. Ikirudi umbo lake papo hapo, endelea nayo. Ikibaki imebonyea, au ikikuachia unga unaonata vidoleni, itupe.