Uzoefu wangu: Tusker House pamoja na watoto wanaochagua chakula

Mzazi mwenye mtoto anayechagua chakula huuogopa mkahawa wa vyakula vya kigeni kuliko anavyoiogopa foleni, na hofu hiyo huzidi pale malipo yanapokuwa ya kichwa, kwa sababu mtoto atakayekula vipande vichache vya viazi hulipiwa sawasawa na mwenzake wa umri uleule aliyejaza sahani mara mbili. Kwa hofu hiyo nilikwenda Tusker House, mkahawa uliomo ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani na wanyama huko Florida, Marekani, nikiwa na wanangu wawili pamoja na mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Tuliondoka tumeshiba sote, jambo ambalo sikulitarajia, na sababu zake si zile nilizokuwa nimeelezwa na marafiki.

Animal Kingdom ilifunguliwa mwaka 1998, na upande wake wa Afrika umejengwa mfano wa mji wa bandari wa kubuni uitwao Harambe, ambao wabunifu wake waliuchota kwa kiasi kikubwa kutoka Lamu. Kuta zimepakwa rangi kisha zikachakazwa makusudi, mabango yameandikwa Kiswahili, na yapo hata maandishi ya Uhuru 1961 ambayo yalimfanya mama asimame kidogo, kwani huo ndio mwaka wa uhuru wa Tanganyika. (Mkenya akilisikia jina Tusker atafikiria kwanza bia ya jina hilo, lakini hapa linalokusudiwa ni neno la Kiingereza la ndovu mwenye pembe kubwa.) Kwa Wamarekani wengi chakula cha humo ni cha kigeni. Kwetu sisi kilidaiwa kuwa cha nyumbani, na bado wateja wagumu kuliko wote mezani walikuwa wanangu, waliozaliwa Marekani, ambao nikipika pilau huukagua kwanza mchele kuondoa karafuu na iliki kama mtu anayechambua mawe.

Mtindo wa mkahawa ni wa kujihudumia, na hapo ndipo ilipo faida kubwa kwa familia kama yetu. Mkubwa wangu hataki vyakula viwili vigusane kwenye sahani. Mdogo hali chochote kilichomwagiwa mchuzi. Mkahawani penye menyu ya karatasi, watoto wa namna hii hulazimika kukubali au kukataa chakula ambacho hawajakiona, na jibu lao huwa ni kukataa. Hapa walipita wenyewe na sahani zao, wakatazama, wakanusa, wakachukua kidogo, na kila chombo kina kijiko chake, kwa hiyo hakuna aliyewalazimisha kuchanganya. Upande mmoja kuna makaroni yenye jibini, vipande vya kuku, viazi vya kuponda na soseji ndogo zilizovikwa unga wa mahindi na kukaangwa, yaani vile vile wanavyovipata watoto kokote Marekani. Upande mwingine kuna nyama ya kuoka inayokatwa mbele yako, michuzi ya bizari, kuskusi, sambusa, mikate ya bapa na chatni za aina kadhaa. Vyote viko katika chumba kimoja, na mtoto anaweza kuanza na makaroni yake kisha akasogea taratibu upande wa pili bila kuagizwa.

Msomaji wa pwani asiende akitegemea ladha ya kwao. Jikoni humo Afrika nzima imewekwa katika mstari mmoja, kuskusi ya kaskazini jirani na viungo vya kusini na bizari yenye asili ya Kihindi, na makali yote yamepunguzwa ili mgeni asishtuke. Mama alikula vizuri, ingawa chatni aliiongeza kuliko watu wote mezani. Kwa mtoto anayechagua chakula, hata hivyo, upole huo wa viungo ni msaada mtupu. Mdogo wangu alipoiona sambusa alimuuliza mama, "Bibi, hii ni kama ya kwako?" Mama akamjibu, "Ya kwangu ina pilipili, mjukuu wangu. Hii haitakuwasha, we onja tu." Aliionja, akaimaliza, akaenda kuchukua nyingine, na tangu hapo nyumbani ananidai sambusa zisizo na pilipili, kazi ambayo sikuwa nayo zamani.

Kuhusu wahusika wa katuni za Disney: Donald, Daisy, Mickey na Goofy, yaani watu waliojivika sura zao na mavazi ya safari, hupita meza kwa meza, hupiga picha na hutia saini katika vitabu vya watoto. Niliambiwa kwamba wahusika humtia mtoto moyo wa kula. Sikuliona hilo. Mtoto akimwona Donald anakaribia huacha kijiko, na chakula hupoa. Afadhali kusubiri mhusika apite ndipo mtu aende kuchukua kitu cha moto. Nilichokiona ni jambo jingine, nalo naliona kubwa zaidi, kwamba kwa muda wote ule sisi watu wazima tulikuwa tukihangaika na kamera na kumtafuta Goofy alipo, kwa hiyo hakuna aliyeikodolea macho sahani ya mtoto wala aliyehesabu vijiko. Mkubwa wangu, ambaye nyumbani kila tonge lake hutazamwa na kujadiliwa, alikula kuskusi bila mtu kusema neno, na nilikuja kugundua pale tu nilipoiona sahani imebaki tupu.

Kuhusu fedha ni vyema kuwa na hadhari. Bei ya mtoto ni ya umri wa miaka 3 hadi 9. Aliyetimiza miaka 10 huhesabiwa kuwa mtu mzima, na tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mtoto wa miaka 11 anayekula makaroni peke yake ningetafuta mkahawa wa kawaida mle mle bustanini. Juu ya bei kuna kodi na bakshishi, na kwa kuwa mkahawa umo ndani ya lango, ni lazima kuwa na tiketi ya kuingilia. Nafasi za kuhifadhi meza hufunguliwa siku 60 kabla, nazo huwahi kwisha. Kwa familia za Kiislamu, zipo nyama za nguruwe, hasa wakati wa kifungua kinywa, kwa hiyo mtu asichukue kitu kabla ya kuuliza. Na mwenye mzio amweleze mhudumu mapema, kwani mpishi huitwa kuzungumza naye.

Wenye mabinti wanaopenda mabinti wa wafalme wa katuni za Disney huelekezwa Akershus, mkahawa wa Kinorwe ulioko EPCOT, bustani nyingine ya Disney, ambako wahusika hao ndio hupita mezani, lakini huko vyakula huletwa mezani, na kwa mtoto anayetaka kuona kabla ya kukubali, mimi ningebaki na mstari wa kujihudumia.

Ninapendekeza chakula cha mchana cha mapema badala ya kifungua kinywa. Kilimanjaro Safaris, ile ziara ya magari ya kuwaona wanyama, huanzia hapo hapo Harambe, na ni bora kuipanda asubuhi kabla jua halijawapeleka wanyama kivulini. Mkitoka humo watoto wanakuwa na njaa ya kweli, na mlango wa mkahawa hauko mbali.