Miezi minane na chaja ya betri ya laki moja na kumi

Nianze na kilichonifanya ninunue chaja. Mwaka jana betri ya gari langu, Toyota Premio, ililala, nikaipeleka kwa vijana wanaochaji betri kando ya barabara hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Shilingi elfu tano tu za Uganda, unaiacha jioni, unaichukua asubuhi. Asubuhi niliikuta imevimba ubavu kama ng'ombe aliyekula majani ya umande, inanuka yai viza, na ndani ya seli maji yanatokota. Kijana mmoja alikuwa amewasha sigara hatua tatu kutoka pale. Betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, na hewa ikishakuwa na asilimia 4 tu ya gesi hiyo, cheche inatosha. Nilibeba betri yangu bila kusema neno. Haikumaliza mwezi.

Nilipopata pesa ya betri mpya, saizi ya NS60 yenye amperi-saa 45, niliapa haitaguswa tena na chaja isiyojua kusimama. Safari ya Kampala ilipojitokeza nikapitia Kisekka, soko la vipuri vya magari. Muuzaji alianza na laki moja na nusu: "Ssebo (yaani bwana), hii inajizima yenyewe." Tukamalizana laki moja na kumi.

Ni kiboksi cha plastiki, chepesi mno kwa bei ile, kina feni ndogo nyuma, skrini ya volti na asilimia, na vibano viwili, chekundu na cheusi. Kasoro ya kwanza niliigundua nyumbani: plagi ina miguu miwili ya duara, soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa. Fundi wangu wa umeme wa gari aliikata akafunga yenye fyuzi. Kasoro ya pili: boksini wameandika amperi 8, mita ya fundi ikasoma 4 na ushee. Nilikasirika, yeye akacheka. Kwa betri isiyo na haraka, alisema, chukua sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Betri yangu ni 45, kwa hiyo uongo wa mwenye kiwanda umeniangukia vizuri.

Siku ya kwanza nilikimbilia soketi, fundi akanishika mkono. "Mzee, ukutani mwisho." Mpangilio wake ndio ninaoufuata hadi leo. Gari linakaa nje, boneti wazi, ufunguo mfukoni. Kibano chekundu kwenye chanya ya betri. Cheusi sikiweki kwenye hasi ya betri, nakibana kwenye chuma cha injini, mbali kidogo, ili cheche ikiruka isirukie penye gesi. Kisha ndiyo soketi. Kutoa ni kinyume: ukutani kwanza, halafu cheusi, halafu chekundu. Ukitaka kuitoa betri yenyewe, spana namba 10 inaanza na hasi, na wakati wa kurudisha hasi inakuwa ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona moto.

Jaribio la kweli lilikuja nilipokaa Soroti msibani wiki tatu. Gari limesimama, alamu inakula betri polepole. Niliporudi mita ilisoma volti 11.9, yaani karibu tupu, kwa sababu betri iliyojaa husoma kama 12.6 au 12.7. Niliichomeka saa moja usiku. Umeme ukakatika saa tano, ukarudi saa saba, chaja ikaendelea yenyewe bila kuniamsha. Volti zilipanda hadi 14.4, na alfajiri nikakuta zimeshuka zenyewe hadi 13.6, feni imenyamaza. Betri haikuwa hata vuguvugu. Nikaiacha ipumzike hadi mchana, maana ukipima hapo hapo betri inakudanganya, nikapata 12.7. Kwenye Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, haikula hata yuniti moja.

Asilimia za kwenye skrini msiziamini. Jirani yangu mzee alileta betri yake ya miaka mingi, dakika arobaini ikaandika 100. Mzee akashukuru sana, akaenda. Kesho yake starta ikalia tik, tik, tik, basi. Betri iliyochoka, ambayo bamba zake za risasi za ndani zimeganda chumvi ya salfeti, hupandisha volti haraka lakini haina mahali pa kuweka chaji. Ni kama debe lililojaa mchanga: maji kidogo tu limefurika. Kuna kitufe ambacho eti hufufua betri kama hizo. Tulikiacha kimewaka usiku mbili. Mzee amenunua mpya.

Ikikutana na betri iliyokufa kabisa pia inagoma. Tuliletewa moja ya volti 7, skrini ikapepesa kama vile hatujaibana kitu. Hiyo ikaenda kwa fundi. Kwa upande mwingine, usiku mmoja wa mvua, tochi mdomoni, niligeuza vibano. Taa nyekundu iliwaka, mlio mwembamba, hakuna moshi. Chaja za zamani za transfoma zingenichomea waya palepale. Kwa usiku ule tu nimesamehe plagi na zile amperi 8.

Tindikali nayo haina urafiki. Nilinyunyiziwa kidogo nikiongeza maji, sikuhisi kitu, lakini jinzi ilipofuliwa ikatoka na matobo na mke wangu akalaumu panya. Sasa navaa miwani na glavu, na jerikeni ya maji safi iko karibu. Ndani ya betri maji ni yale ya betri ya dukani, si ya bomba, na nayajaza hadi alama baada ya kuchaji, kwa sababu wakati wa kuchaji hupanda. Kabla ya kuchaji naongeza tu kama bamba zinaonekana kukauka.

Naipa nyota nne. Madereva wa matrela hapa mpakani wananiuliza kama itawafaa, kwa vile boksini imeandikwa volti 12 na 24. Upande wa 24 sijaujaribu. Ila betri moja ya lori ya N150, yenye amperi-saa 150, kwa amperi 4 hizi ni siku moja na nusu, na sidhani kuna dereva anayeomba foleni ya mpakani iwe ndefu kiasi hicho.