Gari la kilomita 21 kwa lita: uzoefu wangu wa miezi saba

Nilinunua gari dogo lililotumika kutoka Japani, lenye injini ya sisi 1,300, katika yadi moja ya Dar es Salaam, na kilichonivuta kuliko rangi na bei ni maneno kwamba lita moja ya petroli ingenifikisha kilomita 21. Muuzaji aliitamka namba hiyo huku akionyesha stika zilizobandikwa kwenye kioo cha nyuma, na video mbili za uchambuzi nilizozitazama kabla zilikuwa zimetaja namba ileile. Nikaona mashahidi watatu wanatosha.

Tangu hapo ninapima mwenyewe: ninajaza tenki hadi pampu ijikate, ninaanza kuhesabu kilomita upya, kisha ninarudi kujaza katika sheli ileile. Katika foleni za Kimara hadi Posta, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa sababu joto la Februari halina mjadala, gari lilikwenda kilomita 412 kwa lita 36.1, yaani kilomita 11.4 kwa lita. Safari ya Morogoro, kwenda na kurudi, ilinipa 16.4. Kompyuta ya gari, katika wiki zilezile za foleni, iliandika 12.6, hata dashibodi inajipendelea.

Hata hivyo, namba 21 haikutungwa na muuzaji. Ilitokana na kipimo cha Japani kiitwacho JC08, ambacho kilikuwa kikifanyika maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola kwa takriban dakika 20, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24 hivi kwa saa na usiozidi 82, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kipimo kilichokitangulia, kilichoitwa 10-15, kilikuwa chepesi zaidi, kwani hakikuvuka kilomita 70 kwa saa na kilianza injini ikiwa imeshapata moto. Wamarekani, kuanzia magari ya toleo la mwaka 2008, huingiza kiyoyozi, baridi na mwendo mkali katika hesabu, na namba zao zikashuka.

Stika ndizo zilizoniudhi. Nilipozisoma kwa programu ya kutafsiri kwenye simu, ya kwanza ilisema tu kwamba gari limefikia kiwango cha Japani cha matumizi ya mafuta cha mwaka 2015, bila kutaja kilomita hata moja. Ya pili, yenye nyota nne ambazo muuzaji alizisifu kuwa ni za "kubana mafuta", inahusu moshi: gari hutoa hewa chafu pungufu kwa asilimia 75 ya kiwango cha mwaka 2005. Si kwamba maabara haiwezi kuchezewa. Mwaka 2012 Hyundai na Kia zilishusha namba walizokuwa wametangaza Marekani, na Aprili 2016 Mitsubishi ilikiri kupotosha vipimo vya magari madogo 625,000, mengi yakiwa yameuzwa kwa jina la Nissan.

Nilizirudia zile video mbili. Wachambuzi wote wawili walifungua buti, wakakalia viti vya nyuma na kusifu redio, lakini hakuna aliyeingia sheli, na mmoja alimalizia kwa kuishukuru yadi iliyompa gari la kurekodia, yadi ileile niliyonunua mimi. Sisemi alihongwa. Ninasema kwamba aliazimwa gari kwa nusu siku na mwenye kuliuza, akasoma namba aliyopewa.

Wenye magari nao hawako huru na upendeleo, kwani mwamba ngoma huvutia kwake. Shemeji yangu ana gari kama hili na anaapa kwamba linampa 18; nilipombana, nikakuta anasoma dashibodi, tena huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, barabara ikiwa tupu. Mimi mwenyewe, kwa hasira ya mwezi wa kwanza, nilimtangazia kila mtu 9.8, mpaka fundi aliponionyesha kwamba matairi yote manne yalikuwa na upepo pungufu.

Kwa mengine gari sina ugomvi nalo: vipuri vinapatikana Kariakoo, na halijawahi kunilaza njiani. Anayeniuliza habari ya mafuta ninamwambia kumi na moja mjini kwa kiyoyozi, na kumi na sita safarini. Shemeji bado anasema kumi na nane.