Saa Mbili Juu ya Kiti Kinachokwenda na Filamu

Kabla taa hazijazimwa, kiti chenyewe hakina la kujivunia. Ni kipana, kimeinuliwa kidogo kutoka sakafuni, na kwenye mkono wake wa kulia kuna vitufe viwili na mstari wa taa ndogo zinazoonyesha ukali wa mwendo. Nilikuwa nimelipa nyongeza juu ya tiketi ya kawaida, na kwa kuwa sikutaka pesa yangu iende bure, nilikiweka kwenye kiwango cha juu kabisa, jambo nililolijutia kabla nusu saa haijapita.

Watu wengi huvitia viti vyote vya sinema vinavyotikisika katika kapu moja, ilhali vinatofautiana. Mfumo wa 4DX, uliozinduliwa Korea Kusini mwaka 2009, hutikisa kiti na juu ya hayo hupuliza upepo, hurusha matone ya maji na kutoa harufu. Nilichokalia mimi ni cha aina nyingine, ya mwendo mtupu: kinapanda na kushuka, kinainama mbele na nyuma, kinalalia kushoto na kulia, basi. Wazo la kumtikisa mtazamaji nalo si geni, kwani mwaka 1959 mtayarishaji filamu wa Marekani, William Castle, alifungisha vimota chini ya baadhi ya viti ili watu waruke kwa hofu. Tofauti ni kwamba Castle alitaka kushtua tu, wakati kiti cha leo kinadai kusimulia.

Dai hilo lina ukweli wake. Mwendo wa kiti hauachiwi mashine ibahatishe kutokana na kelele za filamu. Kuna watu wanaoitazama filamu kipande kwa kipande na kuandika kiti kifanye nini na lini, kisha maelekezo hayo yanafungamanishwa na filamu ili mtikiso usitangulie tukio wala kuchelewa. Kazi ya mikono hiyo niliihisi mapema. Gari kuukuu lilikuwa likiwashwa katika asubuhi yenye ukungu. Injini ilikohoa mara mbili bila kushika, na kila ilipokohoa nilipata mtetemo mfupi chini ya mapaja. Iliposhika mara ya tatu mtetemo ukatulia, ukawa mwembamba na wa kudumu, na dereva alipoingiza gia kiti kikajitikisa kidogo upande mmoja, sawasawa na gari lililochoka linapoanza safari. Halikuwa tukio kubwa, hata muziki haukuwapo, lakini sijawahi kuwa ndani ya gari la kwenye filamu kiasi kile.

Gari liliposhika kasi, kiti kilinilaza nyuma polepole hata sikutambua kuwa nimelazwa. Nilichotambua ni mgongo kubanwa, kana kwamba kweli tunakwenda. Ujanja huu unatumika pia katika mashine za kufunzia marubani: kiungo cha sikio la ndani kinachotupa mizani hakiwezi chenyewe kupambanua mwili ulioinamishwa na mwili unaosukumwa na kasi, na macho yakishaona barabara inakimbia, ubongo unachagua kasi. Baadaye kiti hurudi mahali pake kimyakimya, na ukikiwazia unaweza kukigundua, ingawa nakushauri usikiwazie.

Matatizo yalianza kwenye ugomvi. Shujaa alipompiga adui, kiti kilinisukuma. Shujaa alipopigwa, kikanisukuma vilevile. Kisha kamera ikaanza kuwazunguka wote wawili, na mimi nikayumba pamoja na kamera. Nikawa sijui mimi ni nani katika vurugu ile: mpigaji, mpigwa au mpiga picha. Huu ndio udhaifu mkubwa nilioukuta, na hauponi kwa mota bora zaidi. Ndani ya gari, katika ndege au juu ya mashua, mwili wangu una mahali pake, kwa kuwa kinachomtikisa mhusika kinaweza kunitikisa na mimi. Nje ya chombo, kiti kinakosa wa kumfuata, na kila mtikiso unanikumbusha kwamba nimekaa ukumbini.

Katika vurugu hiyohiyo kinywaji changu kilimwagika magotini, nikashusha mwendo hadi kiwango cha pili. Hapo ndipo kiti kilipokuwa kizuri kuliko wakati wowote, kwa sababu makonde yalififia lakini injini na mawimbi vilibaki. Rafiki niliyekuwa naye alishikwa na kichefuchefu hata kwenye kiwango hicho, na si ajabu, maana kiti husogea sentimita chache tu wakati macho yanaona mporomoko wa mita mia, na tofauti hiyo wengine miili yao haiivumilii. Mjamzito, mwenye maumivu ya mgongo au shingo na mwenye matatizo ya moyo ni bora wachukue kiti cha kawaida. Wahusika walipozungumza kwa sauti ya chini nilisikia pia mota ya kiti cha jirani ikikwaruza, kero ndogo ambayo ukumbi unaotoza nyongeza ungepaswa kuiondoa.

Kwa filamu ya baharini au ya angani nitalipa tena, nianzie kiwango cha pili, na kinywaji kiwe na kifuniko. Filamu ya watu wanaozungumza mezani haihitaji kiti hiki hata kidogo.

Lalamiko langu la mwisho ni la huduma: hakuna mhudumu aliyetueleza vitufe vile ni vya nini. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye skrini, mzee aliyekaa kushoto kwangu, ambaye taa zake zote zilikuwa zimezimika tangu mwanzo, aliniinamia akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hicho chako kilikuwa kinatikisika kweli?"